Cherehani Si Ushauri wa Kazi

Kati ya mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, walitia sahihi karatasi iliyosema kwamba wanaacha kazi kwa hiari yao. Mpango wenyewe ulibeba jina hilo, Opération Départs Volontaires, na fedha zilitoka Benki ya Dunia. Hiari gani? Watu wale walikuwa na miezi na miezi hawajaona mshahara. Posho ya unga ilikuwa imekatika, hospitali ya kampuni haina dawa, watoto wanarudishwa nyumbani kutoka shule za kampuni. Mtu wa hali hiyo ukimwekea mezani kalamu na malipo ya mwisho, usiseme amechagua. Njaa ndiyo iliyotia sahihi.

Ninaanza na watu hao kwa sababu jeraha la Kolwezi, mji wetu wa migodi, halijafunga. Fundi umeme aliyezeekea kwenye kiwanda cha Luilu, dereva wa mitambo mikubwa, karani wa ghala, mwalimu wa shule ya kampuni: wote walitolewa kwa mlango mmoja, kana kwamba walikuwa mtu mmoja. Ni wachache mno waliopata mtu wa kuketi nao na kuwauliza maswali ambayo hata mtoto angeyafikiria. Unajua kufanya nini? Ujuzi huo unatakiwa wapi leo? Afya yako inaruhusu nini? Una madeni kiasi gani, na fedha hizi zikitumika vipi zitakufikisha mwakani? Yaliyosemwa wakati ule juu ya kuwasaidia kuanza maisha mengine hayakulingana hata kidogo na ukubwa wa pigo. Basi mmoja akanunua kibasi chakavu kikafa barabarani, mwingine akafungua duka katika mtaa wenye maduka tele, wa tatu akaenda kulima bila kujua udongo wala soko. Fedha ziliisha. Wakaunda umoja wao wa wafanyakazi wa zamani, wakadai haki zao kwa miaka, wengi wakafa wakidai. Na watoto wao wakashuka kwenye mashimo ya kariere, machimbo ya mikono, na nyundo na gunia.

Tuelewe pia walikotoka. Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji iliyoanzishwa mwaka 1906, iliamua tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba mfanyakazi akae na mke na watoto wake ndani ya kambi, ale posho ya kampuni, atibiwe na kampuni, watoto wasome shule ya kampuni ili nao waje kuwa wafanyakazi wa kampuni. Serikali ilipoitaifisha mwaka 1967 na Gécamines kushika nafasi yake, mpangilio ulibaki ule ule. Wazee wetu walisema kazi njo baba, kazi njo mama, na hawakuwa wanatia chumvi. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikiita kitabu chake Bana Shaba abandonnés par leur père, watoto wa shaba waliotelekezwa na baba yao. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa takriban tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ukaporomoka, na kufikia mwaka 2003 kampuni nzima haikufikisha hata tani 20,000. Sasa fikiria mtu ambaye hajawahi kutafuta kazi maishani mwake, kwa sababu kazi ilimtafuta baba yake kabla yeye hajazaliwa. Mtu huyo unampa bahasha na kumwonyesha barabara. Huo ulikuwa ukatili, na kila aliyeuandaa alikuwa amesoma vya kutosha kujua kwamba ni ukatili.

Zaidi ya miaka ishirini imepita. Lualaba, mkoa wetu, ulitengwa na Katanga mwaka 2015. Dunia nzima inalijua jina la Kolwezi, magari ya umeme ya Ulaya na China yanakimbia kwa kobalti yetu, malori yamejipanga barabarani kutoka hapa hadi mpakani Kasumbalesa. Na bado, katika mji huu wote, kijana, mama mjane, mlemavu au mkulima aliyeondolewa shambani mwake hana mlango hata mmoja wa umma anaoweza kuugonga, akakaribishwa kiti, akaambiwa ukweli juu ya kazi: ipo wapi, inataka nini, inalipa nini, inaua vipi, na sheria inasemaje. Ninachodai ni ukweli. Semina za siku mbili zenye fulana na soda tunazo nyingi, na mabango ya kutia moyo tunayo.

Ofisi kwa jina zipo. INPP, taasisi ya mafunzo ya kazi, ipo tangu mwaka 1964, na waajiri huichangia kwa sheria kutokana na mishahara wanayolipa. ONEM, ofisi ya taifa ya ajira, ilianzishwa mwaka 2002. Mwajiri anatakiwa kuarifu serikali anapoajiri na anapofukuza. Kama mambo haya yangetendeka hapa jinsi yalivyoandikwa, orodha ya nafasi za kazi ingekuwa imebandikwa kila wiki kwenye ukuta wa komini ya Dilala na ya Manika, na kila mtu angeisoma. Badala yake habari ya kazi Kolwezi inatembea kwa minong'ono. Inapitia kwa mjomba aliye ofisini, kwa mchungaji anayefahamiana na bosi, kwa kijana wa getini, kwa kikundi cha WhatsApp ambacho kuingia kwake kuna masharti. Na inauzwa. Kibarua kina bei yake, udereva una bei kubwa zaidi, na kuna watu wanaotoa mishahara yao ya miezi ya kwanza kumlipa aliyewaingiza. Wanaokula kwenye giza hili ndio wa kwanza kusema kwamba ofisi ya ushauri wa kazi ni anasa. Wana sababu. Siku habari ya kazi itakapobandikwa ukutani, biashara yao imekufa.

Nitaeleza mshauri wa kazi wa kweli angeanzia wapi katika mji huu, maana wengi wanadhani kazi yake ni kufundisha watu kuandika sivii. Angeanza na sheria. Mwaka 2021 shirika la RAID la Uingereza pamoja na CAJJ, kituo cha msaada wa kisheria cha hapa kwetu, walichunguza migodi mitano mikubwa ya viwanda na kukadiria kwamba asilimia 57 ya wafanyakazi hawakuajiriwa na mgodi wenyewe. Waliajiriwa kupitia makampuni ya kati, yale tunayoyaita sous-traitants. Mtu anavaa kofia ya mgodi, anavuta vumbi la mgodi, lakini mkataba wake, kama upo, uko kwa mwingine, na mshahara wake ni mdogo kuliko wa mwenzake anayefanya naye kazi bega kwa bega.

Mtu huyo anahitaji kuambiwa nini kwanza? Aambiwe kwamba Sheria ya Kazi ya mwaka 2002, ibara ya 40, inasema kibarua wa siku kwa siku akishafanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, ajira hiyo inahesabiwa kuwa ya muda usio na kikomo. Aambiwe kwamba mkataba wa muda maalumu haupaswi kuzidi miaka miwili, wala haufanywi upya bila mwisho kama wanavyofanyiwa wao. Nimewauliza wanaume wenye nguvu na akili, waliokaa miaka kwenye migodi kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, kama wanaijua ibara ya 40. Wananitazama kana kwamba ninazungumza habari za nchi nyingine. Watu hao wanahesabu siku zao kila jioni ili wajue watalipwa nini. Hakuna aliyewaambia kwamba siku hizo hizo, zikifika 22, zinazaa haki. Hebu niambieni kama huo si ushauri wa kazi. Niambieni kama kuna mafunzo yenye thamani kuliko sentensi hiyo moja ikimfikia mtu kwa wakati.

Tuje kwa akina mama, na hapa sitapita haraka.

Nenda Kapata, kando ya Ziwa Malo, au kwenye mto wowote ulio karibu na kariere. Utawaona wameinama majini, mtoto mgongoni, wanaosha mawe na kuyachambua. Hawachimbi. Wameambiwa tangu zamani kwamba mwanamke akikaribia shimo madini yanakimbia. Kwa hiyo wanapewa kazi ya mwisho katika mlolongo, yenye malipo ya mwisho, na mnunuzi wa depo, nyumba ya kununulia madini, ndiye anayetamka kiwango cha jiwe na uzito wake, yeye na mizani yake. Kuanzia mwaka 2018 kulikuwa na jaribio la Mutoshi. Kampuni ya Chemaf, pamoja na Trafigura na shirika la Pact, waliweka uzio na utaratibu kwa wachimbaji wa mikono, na wanawake wakaruhusiwa kuingia na kufanya kazi ndani. Madini hayakukimbia! Mama wakafanya kazi, wakalipwa, miiko ikanyamaza. Mwaka 2020, Corona ilipoingia, mradi ukasimamishwa, na mama wale wakarudi walikotoka. Hilo lilitufundisha jambo ambalo wakubwa wetu hawataki kujifunza. Kilichomzuia mwanamke kilikuwa amri ya watu, na watu walipoamua vinginevyo kizuizi kiliondoka asubuhi moja.

Ongeza juu yake sheria iliyowalea. Hadi mwaka 2016 Kanuni ya Familia ya nchi hii, ile ya mwaka 1987, ilimtaka mke apate idhini ya mume kabla ya kutia sahihi mambo mengi yenye nguvu ya kisheria. Idhini hiyo imefutwa. Lakini nani alikwenda Kasulo au Musonoi kumwambia mama wa miaka arobaini kwamba imefutwa? Nani amekaa naye akamwambia kwamba anaweza kuomba kazi, kusaini mkataba, kufungua akaunti, kuanzisha kampuni ndogo, bila kumsubiri mtu? Anaishi bado chini ya sheria iliyokufa, kwa sababu waliopaswa kumpelekea habari ya kifo cha sheria hiyo walikaa ofisini.

Na msaada unapomfikia, unamfikia katika sura ya cherehani. Siichukii cherehani. Nimevaa nguo zilizoshonwa na mama wa mitaa yetu na ninaheshimu mikono yao. Ninachokichukia ni uvivu wa anayeigawa. Mradi unakuja kutoka mbali, unawakusanya wanawake wa kila aina: yule aliyesoma hadi darasa la mwisho la sekondari, yule asiyejua kusoma, yule aliyewahi kuwa mweka hesabu wa depo, yule mwenye kifua kibovu kwa vumbi, yule ambaye baba yake alikuwa fundi wa mashine akamfundisha kufungua injini. Wote wanapewa cherehani. Vijana wa kiume wote wanapewa mashine ya kuchomelea vyuma. Picha zinapigwa, ripoti inaandikwa. Baada ya mwaka mmoja mtaa una washonaji wengi kuliko watu wa kushonewa, na mitumba inauzwa sokoni kwa bei ambayo fundi hawezi hata kununulia kitambaa. Mama anaiuza cherehani na kurudi majini. Kisha wanamlaumu! Wanasema hawa watu wa kariere hawasaidiki, wamezoea fedha ya haraka.

Hawakumuuliza. Hilo ndilo kosa, na halina kisingizio. Kama wangemuuliza, na kama wangeuliza pia soko, wangeona kwamba mkoa huu unakula unga unaotoka Zambia huku mashamba yake yakigeuzwa kuwa migodi. Wangeona makantini ya migodi yanayolisha maelfu ya watu kila siku na kutafuta mboga, mayai na samaki. Wangeona kwamba migodi inalia umeme, na fundi wa umeme wa jua hakosi mteja katika mji ambao taa zinazimika ovyo. Wangeona vijana waliojifunza Kichina kwa juhudi zao wenyewe wakawa wakalimani. Wangemwona yule binti wa fundi wa mashine na kumpeleka INPP akajifunze mitambo ya haidroliki, badala ya kumfundisha kupinda ukingo wa gauni.

Nimtaje mtu mmoja aliyefanya tofauti, kwa sababu kulaumu peke yake hakutoshi. Sista Catherine Mutindi, mtawa Mkenya wa shirika la Bon Pasteur, alikuja Kolwezi na wenzake mwanzoni mwa muongo uliopita, na mwaka 2019 alipewa Tuzo ya Opus kwa kazi yao. Watawa hawa nao wanafundisha stadi za mikono, wanalima, wanasomesha watoto waliotoka kwenye mashimo. Kinachowatofautisha ni kwamba wamekaa. Wanajua nani ana mgonjwa nyumbani, nani ameachwa, nani ana kichwa cha hesabu. Lakini ni aibu kwa mkoa wenye utajiri huu kuwaachia watawa wachache mzigo ambao ni wa serikali. Sista anayetoka nchi nyingine asiwe ndiye ofisi ya ajira ya Lualaba.

Kuna kundi lingine ambalo watu hawapendi nilitaje. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala miezi kwenye vituo vya treni wakisubiri mabehewa, wengi wakafa pale. Walikuwa wamezaliwa hapa. Gécamines ilipoteza pamoja nao mafundi na wahandisi ambao hakuna aliyeweza kuziba nafasi zao haraka. Leo vijana wa Kasai wanakuja tena kutafuta maisha, na leo tena jina la ukoo linasomwa kabla ya sivii. Ninasikia ikisemwa waziwazi kwamba kazi za Lualaba ni za watoto wa Lualaba. Ninaelewa uchungu wa mwenyeji wa kijiji aliyeona shimo likimeza shamba la babu yake huku basi la wafanyakazi likipita limejaa wageni. Uchungu huo ni wa kweli na una haki ya kujibiwa kwa mafunzo, kwa nafasi, kwa fidia kamili. Haujibiwi kwa kumnyima mkate mtoto wa jirani aliyezaliwa Kanina kwa kuwa jina lake ni la Kasai. Ofisi ya kazi ninayoidai ipokee maombi kwa namba, siyo kwa majina, hadi hatua ya mwisho. Anayeona hilo ni gumu atuambie ananufaika nini na majina.

Walemavu je? Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki zao, kazi ikiwamo. Katika mji huu ambao shimo linamvunja mtu mguu leo na kesho anasahaulika, sheria hiyo ingepaswa kusomwa kwa kipaza sauti. Mchimbaji wa mikono hana mchango CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hana pensheni ya ajali. Akipoteza mguu amepoteza kila kitu, ingawa ubongo wake, macho yake na miaka yake kumi ya kulijua jiwe kwa kulitazama viko palepale. Hakuna aliyefikiria kwamba mtu anayeweza kukadiria kiwango cha madini kwa jicho anaweza kufundishwa kazi ya maabara au ya mizani.

Sasa watanijibu: kazi zenyewe hazipo, ushauri wa nini? Ushauri hauliwi.

Nimeusikia usemi huu kutoka kwa watu wema na kutoka kwa wezi, nami nawajibu kwa pamoja. Kwanza, kazi zipo, ila zimefichwa, na nimeshaeleza na nani. Pili, hakuna mji unaohitaji ushauri wa kazi kuliko mji ambao kazi zake zinakuja na kuondoka kwa amri ya bei ya dunia. Mwaka 2008 bei ilianguka, Katanga ikajaa watu walioachishwa. Septemba 2015 kampuni ya mgodi ya KCC ilisimamisha uzalishaji. Mwishoni mwa mwaka 2019 mgodi wa Mutanda ulifungwa, ukakaa kimya hadi ulipofunguliwa tena. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi kwa miezi minne, ikaongeza mitatu, kisha kuanzia Oktoba ikaja na viwango maalumu: tani 96,600 kwa mwaka 2026. Inawezekana hatua hiyo ilikuwa ya busara kwa bei na kwa hazina ya taifa. Sibishani nayo. Ninauliza: mchimbaji, mbeba magunia, mama anayeuza bukari mlangoni pa depo, dereva wa pikipiki wa soko la madini la Musompo, waliambiwa nini siku hiyo? Serikali ilikuwa na mpango kwa ajili ya bei. Sikusikia mpango kwa ajili ya watu. Pigo la aina hii limetupata tena na tena, tunajua litarudi, na kila linaporudi linatukuta tumekaa vile vile.

Na tatu, kwa wale wanaosema wachimbaji wamechagua wenyewe hatari yao. Juni 2019 ukingo wa mgodi wa KOV uliporomoka na kuua watu 43. Novemba 15, 2025, daraja la muda liliporomoka kwenye mgodi wa Kalando, Mulondo, na watu wasiopungua 32 wakapoteza maisha. Mtu anachagua pale anapoziona njia mbili na kuambiwa kila moja inaishia wapi. Anayeonyeshwa njia moja tu amesukumwa, na aliyemficha ya pili ana sehemu yake katika kifo chake.

Wanaodhani jambo hili ni mtindo wa Wazungu wenye kushiba wajue lilikoanzia. Ofisi ya kwanza ya ushauri wa kazi inayokumbukwa katika historia ilifunguliwa na Frank Parsons huko Boston, Marekani, mwaka 1908, kwa ajili ya vijana maskini na wahamiaji waliokuwa wakimezwa na viwanda bila kujua wanaingia wapi. Ilikuwa silaha ya wanyonge tangu siku ya kwanza. Sisi wenyewe tuliwahi kuonja upande wake wa pili: katika miaka ya 1950 Union Minière ilikuwa na wataalamu wa saikolojia waliowapima Waafrika kwa majaribio ili kujua nani anafaa kuwekwa kwenye mashine ipi. Kampuni ilijua thamani ya kumjua mtu. Ilimpima kwa faida yake yenyewe. Mimi ninataka mtu apimwe na kusikilizwa kwa faida yake mwenyewe na ya nyumba yake.

Na washauri tunao! Vyuo vikuu vyetu vina idara za saikolojia na za mwongozo wa shule na kazi, na kila mwaka zinatoa wahitimu. Wako wapi? Mmoja anauza kadi za simu, mwingine anaendesha taksi-moto, mwingine amekuwa mlinzi wa usiku kwenye geti la kampuni ya kati. Nchi inafundisha watu wa kuwaonyesha wengine njia, kisha inawaacha hao hao njiani.

Fedha nazo zipo, na msomaji azijue ili asidanganywe. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawanya mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mamlaka za mahali mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo kila mgodi unatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayouzunguka, na kusaini na jamii hiyo daftari la masharti, cahier des charges. Nimeyaona mambo yanayoombwa humo: darasa, zahanati, kisima, ofisi ya chifu. Yote mema. Lakini darasa lisilo na mtu wa kumwambia mtoto aende wapi baada ya kutoka pale linamwandaa kwa ajili ya kariere ile ile.

Kwa hiyo ninawaambia mameya wa Kolwezi na Fungurume, machifu, viongozi wa mitaa, na nyinyi wawakilishi mtakaoketi mezani na makampuni kusaini madaftari yajayo: andikeni humo ofisi ya kazi katika kila komini. Andikeni mishahara ya washauri, wanaume kwa wanawake, wanaojua Kiswahili cha hapa pamoja na Kiruund, Kisanga na Kiluba, wanaoweza kumpokea asiyejua kusoma bila kumdharau. Andikeni kwamba kila nafasi, ya mgodi na ya kampuni yake ya kati, ibandikwe hadharani siku kadhaa kabla ya kujazwa. Andikeni kwamba mgodi utakaopunguza watu utalipa mshauri kwa kila mtu anayetolewa, kabla hajapewa karatasi ya kusaini. Wakikataa mstari huo, msisaini. Rudini kwa watu mkawaambie jina la aliyekataa.

Gavana naye asisubiri daftari. Asilimia 25 ya mkoa inaingia. Wazee wa Gécamines walio hai bado wanahesabika, na majalada yao yapo. Ofisi ya kwanza ifunguliwe Musonoi, na wao waitwe wa kwanza.